Nilimpa shemeji ufunguo wa gari, kumbe leseni yake ni ya pikipiki

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Pasua hapa Moshi na ninauza vitambaa sokoni. Mume wangu anafanya kazi Dodoma na hurudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Gari letu, Toyota Noah, limesajiliwa kwa jina lake, lakini anapokuwa kazini ufunguo hukaa kwangu na mimi ndiye ninayeliendesha. Nina leseni ya daraja B ambayo haijaisha muda wake. Bima tuliyokata ni ile ndogo.

Kesho Jumapili binti yetu mkubwa anapata kipaimara. Jana Ijumaa wazee watano wa upande wa mume wangu walikuwa wanasubiri kuchukuliwa Marangu, nami nilikuwa na wapishi na sikuweza kuondoka. Nikamwita shemeji yangu, mdogo wa mwisho wa mume wangu, ambaye ni dereva wa bodaboda hapa mjini, nikampa ufunguo na hela ya mafuta, nikamwomba awe amerudi kabla ya saa kumi. Sikumwuliza habari za leseni. Nilikuwa nimemwona mara kadhaa akiendesha pikapu ya mjomba wake, na kwa kuwa anafanya kazi ya barabarani kila siku nilichukulia kuwa leseni anayo. Ni kweli anayo, lakini nimeiona jana usiku na ni ya daraja A peke yake.

Wakati wa kurudi, walipofika Kiboriloni, alimgonga mama mmoja aliyekuwa anavuka barabara akiwa na mkungu wa ndizi kichwani. Mama huyo amevunjika mguu na amelazwa, na tumeambiwa atahitaji upasuaji. Shemeji aliona watu wanakusanyika, akaogopa kupigwa, akaliacha gari na wazee ndani yake, akakimbia hadi nyumbani. Polisi walilivuta gari hadi kituoni, na jioni wakampigia simu mume wangu kwa sababu jina lake ndilo lililo kwenye kadi. Wamesema mhusika na dereva waende Jumatatu asubuhi kuandika maelezo.

Nimezungumza na wakala wa bima leo asubuhi, akanijibu kwa mkato kwamba kama dereva hana leseni ya gari hakuna malipo. Mume wangu anasema twende kwa familia ya mama yule tuelewane nao, tulipe matibabu na jambo liishie hapo. Mama mkwe naye ameniita faragha akaniambia: “Wewe una leseni. Sema wewe ndiye uliyekuwa unaendesha, bima italipa na mtoto wangu hatafungwa.” Ninamheshimu sana mama huyu, amenilelea watoto, na sijui nimjibu nini.

Naomba unieleze: je, kosa hili ni langu wakati gari si langu? Je, bima wana haki ya kukataa? Na je, nikifanya anavyotaka mama mkwe, itakuwaje?

Mama wa Pasua, Moshi

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na pole nyingi zaidi nampa mama yule aliyelazwa, ambaye alitoka nyumbani kwake akiwa na mzigo wake na hakuwa na sehemu yoyote katika uamuzi wa nani ashike usukani wa gari lenu. Nakujibu leo hii hii kwa sababu kuna hatua ambazo hazipaswi kungoja Jumatatu.

Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote. Usiseme kwamba wewe ndiye uliyekuwa unaendesha. Usiseme hivyo polisi, wala kwa wakala wa bima, wala kwa familia ya majeruhi. Mpaka sasa umehusika kwa kutoa ufunguo bila kuuliza. Ukitamka maneno hayo utakuwa umejitwisha kosa la udereva ambalo hukulitenda, na juu yake utakuwa umeongeza kosa jipya la kutoa taarifa ya uongo kwa mtumishi wa umma, ambalo ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Maelezo ya polisi huandikwa, husomwa na kusainiwa, na shauri likifika mahakamani utatakiwa kuyarudia maneno hayo hayo ukiwa umeapa. Fikiria pia ni nani waliokuwepo. Wazee watano walikuwa ndani ya gari, wauza ndizi wa Kiboriloni walimwona mwanamume akishuka na kukimbia, na majirani na wapishi waliokuwa kwako wanajua kwamba hukutoka nyumbani. Mama mkwe anakuomba uwategemee watu wote hao wanyamaze, si kwa siku moja bali kwa miaka, na wengine kati yao ni wazee ambao utakuwa umewalazimisha kuchagua kati ya ukweli na ukoo wao.

Zaidi ya hapo, ukijiita dereva, hukumu ya fidia itakuangukia wewe kama uliyemgonga, na mahakama ina uwezo wa kukufungia leseni. Kama hali ya mgonjwa itabadilika kuwa mbaya, jambo ambalo tunaomba lisitokee, shtaka la dereva nalo hupanda uzito, na hapo utakuwa umesimama mahali pa mtu mwingine kwenye kesi ya kifo. Bima nao, wakigundua kwamba dai limejengwa juu ya dereva wa uongo, watakuwa na sababu ya kulikataa ambayo hakuna wakili atakayeweza kuipangua, ilhali leo, kwa ukweli ulivyo, bado una hoja za kuzungumza nao.

Sasa nirudi kwenye swali la kwanza. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamkataza mtu kuendesha gari bila leseni halali ya daraja la gari hilo, na inamkataza vilevile mwenye gari, au mtu ambaye gari liko chini ya usimamizi wake, kumruhusu mwingine aliendeshe bila leseni ya namna hiyo. Ni makosa mawili ya watu wawili tofauti. Shemeji anajibu kwa kuendesha. Anayejibu kwa kuruhusu ni yule aliyekuwa na mamlaka ya kusema ndiyo au hapana, na katika maelezo yako mtu huyo ni wewe. Jina kwenye kadi halikuondoi, kwa kuwa mume wako alikuwa Dodoma, ufunguo ulikuwa mkononi mwako na ruhusa ilitoka kinywani mwako. Wala usitegemee sana kusema kwamba hukujua. Hukudanganywa na mtu aliyekuonyesha leseni ya kughushi. Hukuuliza, na mtu ambaye angeweza kujua kwa kuuliza swali moja ana utetezi dhaifu. Unaweza kuyaeleza hayo kama sehemu ya ukweli wako, na yanaweza kupunguza ukali wa adhabu, lakini usiende polisi ukiamini kwamba yanakufuta kabisa.

Jambo la daraja la leseni linawaponza watu wengi hapa kwetu, kwa hiyo nitalisemea kidogo. Mtu akisema “leseni ninayo” amesema nusu ya habari. Daraja A ni la pikipiki. Gari dogo la binafsi kama Noah yenu linahitaji daraja B, magari ya abiria yana madaraja yao ya C, na ya biashara yana ya kwao. Kijana anayepita mbele ya trafiki kila siku na bodaboda yake bila kusumbuliwa anaweza kuwa dereva halali kabisa juu ya pikipiki, na mara anapokaa nyuma ya usukani wa gari akawa sawa na mtu ambaye hajawahi kupewa leseni. Vivyo hivyo kwa mwenye leseni ya kujifunzia: hiyo inamruhusu kujifunza akiwa na mtu mwenye leseni pembeni yake, haimruhusu kutumwa Marangu peke yake kuchukua wageni. Na ambaye leseni yake ya miaka 5 imeisha muda ana tatizo la aina nyingine tena, ambalo nitaligusa kwenye bima.

Wengi wanadhani mambo haya huishia kwenye faini ya papo kwa papo ya Sh 30,000. Hiyo ingeweza kuwa hivyo kama shemeji angesimamishwa njiani Himo akakutwa na leseni isiyo ya gari. Ajali iliyomvunja mtu mguu ni shauri la kupelekwa mahakamani, na linapofika huko mlalamikaji ni Jamhuri, si familia ya mama yule. Ndiyo maana pendekezo la mume wako, ingawa ninaona wema ndani yake, halitoshi. Kuelewana na familia kunaweza kumaliza sehemu ya madai kama kutafanywa vizuri na kwa maandishi, lakini hakuna mwanafamilia mwenye uwezo wa kusamehe kosa la jinai kwa niaba ya Jamhuri. Na makubaliano ya mdomo ni magumu kuyathibitisha. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inampa aliyeumizwa miaka 3 ya kufungua madai ya namna hii, kwa hiyo mguu ukikataa kupona mwakani, au mtoto wake akirudi kutoka mjini akauliza mama alilipwa nini, mtajikuta mahakamani bila karatasi yoyote mkononi.

Katika madai hayo kuna jambo moja ambalo sitaki ulisikie kwa mara ya kwanza kutoka kwa wakili wa upande wa pili. Lugha yetu inatofautisha vizuri kati ya kumwazimisha mtu na kumtuma, na sheria nayo inatofautisha. Mtu akija kuazima gari kwa shughuli zake mwenyewe, mwenye gari hawajibiki moja kwa moja kwa kila uzembe wa mwazimaji kwa sababu tu gari ni lake. Katika shauri la Morgans dhidi ya Launchbury, lililoamuliwa na mahakama ya juu ya Uingereza mwaka 1972, mke aliyekuwa mwenye gari hakuwajibishwa kwa ajali iliyotokea wakati mumewe alipolitumia kwa matembezi yake na kumpa rafiki aendeshe, kwa kuwa safari ile haikuwa ya huyo mke wala haikufanywa kwa niaba yake. Lakini wewe hukumwazimisha shemeji, mwanangu. Ulimtuma. Wageni walikuwa wenu, shughuli ilikuwa ya binti yenu, mafuta yalikuwa ya hela yako, hata saa ya kurudi uliipanga wewe. Mtu anayetumwa huonekana kama mkono wa aliyemtuma, na uzembe wake huhesabiwa kwa aliyemtuma. Kwa hiyo jiandaeni, wewe na mume wako, kwamba mkidaiwa fidia hamtaweza kumsukumia kijana peke yake.

Nije kwenye bima. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakataza kutumia gari barabarani, au kumruhusu mtu mwingine alitumie, bila bima inayomlinda mtu wa tatu, yaani mtu wa nje ya mkataba kama mama yule, na hiyo ndiyo mnayoiita bima ndogo. Ninyi mliikata, stika ipo. Shida ni kwamba mkataba wa bima haulifuniki gari katika mikono yoyote ile. Ndani yake kuna kifungu kinachotaja madereva wanaokubaliwa, na kwa kawaida kinasema ni mwenye bima au mtu yeyote aliyeruhusiwa naye, ilimradi mtu huyo ana leseni ya kuendesha gari la aina hiyo. Baadhi ya mikataba huongeza maneno “au amewahi kuwa nayo na hajazuiwa kuipata”, na maneno hayo machache humwokoa yule ambaye leseni yake imeisha muda wiki iliyopita. Hayamwokoi shemeji, ambaye hajawahi kuwa na leseni ya gari hata siku moja.

Ukilitafakari hili utaona ukubwa wake. Asubuhi ya Ijumaa Noah yenu ilikuwa na bima. Alipoiwasha shemeji, kwa upande wa mtu wa tatu ikawa inaelekea kuwa gari lisilo na bima, stika ikiwa pale pale kwenye kioo, na ilipofika jioni mkarudi kwenye bima yenu kama kawaida. Waingereza, ambao sheria yao ya mwaka 1930 inafanana kwa maneno na hii ya kwetu, walikwisha kukutana na jambo hilo miaka michache baadaye katika shauri la Monk dhidi ya Warbey. Mwenye gari alimwazimisha rafiki yake, bima yake haikumhusu aliyeendesha, mtu akaumia, na Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba mwenye gari mwenyewe amlipe majeruhi, kwa sababu kuruhusu gari litumike bila bima ya kumlinda mtu yule ni kuvunja wajibu uliowekwa na sheria kwa faida yake. Uamuzi ule si amri kwa mahakama za Tanzania, lakini wakili wa mama yule anaweza kuutumia kuishawishi mahakama, na kwa maoni yangu hoja yake ni ya haki. Mwenye kuvuka barabara hana namna ya kujua nani ameshika usukani. Mwenye ufunguo anayo.

Hata hivyo, jibu la wakala kwa simu si uamuzi wa kampuni. Usilipinge kwa hasira na usilikubali pia. Toeni taarifa ya ajali kwa maandishi mapema iwezekanavyo, mume wako akiwa ndiye aliyesaini mkataba, na mueleze ukweli wote pamoja na daraja la leseni ya dereva. Ombeni nakala kamili ya mkataba kama mlipewa cheti na stika tu, kama inavyotokea kwa wengi, na mdai kwamba wakikataa wakatae kwa barua inayotaja kifungu wanachokitegemea. Barua hiyo ndiyo inayoweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Maneno ya simu hayapelekwi popote. Sikuahidi kwamba mtashinda, na kwa maelezo uliyonipa naona nafasi ni ndogo, lakini kifungu hakijasomwa bado na sipendi mtu ashindwe na karatasi ambayo hajaiona.

Yaliyobaki ni ya kutenda leo. Shemeji asisubiri Jumatatu. Sheria inamtaka dereva aliyegonga mtu asimame na kusaidia, na kama ameondoka kwa kuhofia maisha yake anatakiwa kuripoti kituo cha polisi kilicho karibu bila kukawia. Hofu ya kupigwa na watu inaeleweka, lakini kila saa anayokaa nyumbani inaifanya ionekane zaidi kuwa ni kutoroka. Mjomba wake amsindikize leo hii, aende na leseni yake ile ile ya daraja A, aseme mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Makosa ya barabarani yana dhamana, kwa hiyo mwende na mtu wa kumdhamini mwenye kitambulisho na makazi yanayojulikana. Wewe Jumatatu uende na kadi ya gari, leseni yako na cheti cha bima, ueleze ulichonieleza mimi, bila kupunguza wala kupamba. Una haki ya kuwa na wakili kabla ya kutoa maelezo. Kama gharama ni kikwazo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliweka utaratibu wa watoa msaada na wasaidizi wa kisheria, na ofisi ya halmashauri yenu inaweza kukuelekeza kwao.

Kwa mama aliyelazwa, nendeni. Nenda wewe, na mtu mzima mmoja wa upande wa mume wako, mkiwa wapole. Hakikisheni ndugu zake wamepata PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na kwamba hakuna dawa inayokosekana kwa sababu ya fedha. Saidieni matibabu na mtunze kila risiti. Msisaini, hata hivyo, karatasi ya kukiri dhima au ya kuahidi kiasi kamili cha fidia kabla bima hawajajibu, kwa sababu mikataba mingi inamkataza mwenye bima kufanya hivyo bila idhini yao, na mtakuwa mmewapa sababu ya pili ya kukataa. Waambieni ndugu hao waziwazi kwamba mnasubiri barua ya bima na kwamba hamtawakimbia. Wakati wa kupatana ukifika, maandishi yaandaliwe na wakili, yasomwe mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, na yataje malipo, tarehe na matibabu yatakayofuata.

Kuhusu mama mkwe, sidhani kwamba ni mtu mbaya. Ameona mtoto wake wa mwisho anaelekea gerezani, akatazama nyumbani akaona leseni moja. Mwendee leo jioni, kabla wageni hawajaanza kujaa, ukae naye chini umwambie kwa heshima: “Mama, nikisema hivyo, badala ya mmoja watashtakiwa wawili, na wajukuu wako hawatakuwa na mzazi wa kubaki nao Moshi.” Mwambie pia kwamba kijana anayejisalimisha mwenyewe, akakiri na kumhudumia aliyemwumiza, husikilizwa mahakamani tofauti na aliyekamatwa akiwa amefichwa. Ni vyema mume wako awepo, hata kama ni kwa simu, kwa sababu kumkatalia mama yake ni jukumu lake kabla ya kuwa lako.

Barua ya kampuni ya bima itakapofika, nitumie nakala yake pamoja na ukurasa wa mkataba wenye kifungu cha madereva, ukiwa umefunika majina na namba ya gari, nami nitakusomea neno kwa neno.